Afande Hakuitikia

Bweni la Wasichana,
Shinyanga.
18 Februari 2024

Kwa Shangazi yangu Vumilia,

Shikamoo, Shangazi. Mimi ni mzima, ila nina kikohozi kidogo kwa sababu madirisha mawili ya bweni letu hayana vioo. Nimeingia kidato cha tatu na nimechagua masomo ya sanaa, ingawa mwalimu wa fizikia alisikitika. Nyumbani mahindi yalipandwa upya baada ya mvua ya kwanza kutudanganya. Ng'ombe mweupe amezaa ndama jike. Bibi sasa anaona vizuri kwa jicho la kushoto, na tangu aanze kuona amekuwa mkali kuhusu usafi wa vyombo. Mama ni mzima. Hakunituma nikusalimie, lakini nadhani ni kwa sababu sikumwambia kuwa nakuandikia.

Simu haziruhusiwi shuleni, ndiyo maana natumia karatasi. Bahasha hii mpishi wetu atampa kaka yake, ambaye ni kondakta wa basi la Geita.

Shangazi, Kaka Jilala amekamatwa.

Nitaeleza kwa mpangilio. Unayakumbuka machimbo ya Mwanhemba, yale ya ng'ambo ya mto kutoka kwetu, ukielekea Mwakitolyo. Jumamosi ya mnada, watu wengi walipokuwa wamekwenda kwenye ng'ombe, wanaume wawili wenye pikipiki waliingia kwenye mwalo, pale wanapooshea mchanga wa dhahabu. Walimkata mlinzi begani kwa panga, wakachukua pampu ya maji. Mlinzi anaendelea kupona, lakini hakumbuki sura zao.

Jumatatu polisi walikuja na gari. Wewe unajua, machimboni gari la polisi likionekana kila mtu anakimbia, hata mwenye leseni, hata muuza maandazi. Kaka naye alikimbia. Alikuwa amevaa mabuti ya mvua ya marehemu Baba, ambayo yanampwaya, akaanguka. Wakamkamata yeye. Mkaguzi wa kata yetu, Afande Boaz, alisema mtu asiye na kosa hakimbii, na kwamba Jilala anafanya kazi mwaloni, kwa hiyo ndiye aliyewaonyesha wezi njia.

Wamemwandikia unyang'anyi wa kutumia silaha. Mwalimu wetu wa uraia alinieleza pembeni, darasa lisisikie, kwamba kosa hilo halina dhamana na kifungo chake ni miaka thelathini. Kaka ana miaka ishirini na mmoja.

Wapo wanaojua ukweli. Nyuma ya mwalo kuna wanawake wanne wanaoponda mawe, na mkubwa wao ni Mama Mageni. Siku ile Kaka alikuwa nao tangu asubuhi, akiwabebea viroba vya mawe mpaka kwenye karasha yakasagwe. Waliwaona hata wale wa pikipiki. Lakini Afande alipowauliza, wote walisema hawajui kitu. Mama alikwenda kuwabembeleza. Mama Mageni akamjibu, "Mayu, mama yangu, mwanao nampenda kama wangu. Ila kwa yule mtu mimi sifungui mdomo."

Shangazi, wewe ni polisi, na una nyota. Nakuomba umpigie simu mkuu wa kituo chetu. Umwambie tu kwamba Jilala ni mtoto wa kaka yako na hakulelewa hivyo.

Mwanao anayekutegemea,
Nyamizi

*

Geita,
24 Machi 2024

Nyamizi,

Barua yako nimeipokea. Mimi ni mzima. Zingatia yafuatayo:

1. Siwezi kumpigia simu mkuu wa kituo kuhusu ndugu yangu. Hairuhusiwi. Usiombe tena.

2. Mtu yeyote wa familia asimpe askari yeyote kitu chochote kwa lengo la kumsaidia Jilala. Ni kosa.

3. Mashahidi wana wajibu wa kutoa maelezo. Waambiwe waende kituoni.

4. Hukueleza jinsi mashahidi walivyohojiwa. Eleza kwa usahihi: mahali, aliyewahoji, alichosema na walichojibu.

Soma kwa bidii.

V. Jilala,
Mkaguzi Msaidizi wa Polisi

*

Nyumbani,
10 Aprili 2024

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Huku ni salama. Mahindi yamefika kiunoni. Ndama tumemwita Subira, jina alichagua Bibi. Nipo nyumbani kwa likizo fupi, kesho narudi shule.

Barua yako niliisoma nikatafuta kama kuna ukurasa mwingine umebaki ndani ya bahasha. Rafiki yangu Mwanaima, anayelala kitanda cha chini, aliiomba naye akaisoma, akasema, "Hii ni ya shangazi yako au ni ya gwaride?" Nilicheka, halafu nikaenda chooni nikalia. Samahani kwa kukuambia. Nilikaa bila kujibu kwa sababu sikujua nianze vipi. Lakini swali lako la nne lilikuwa swali zuri, na jibu lake sikuwa nalo. Kwa hiyo nilivuka mto nikamfuata Mama Mageni.

Nilimkuta anaponda mawe, nikamsalimu, nikakaa chini nikaokota nyundo ndogo nikamsaidia. Baada ya muda mrefu ndipo nikamuuliza, "Mama, siku ile Afande aliwaulizaje?"

Akasema, "Alikuja asubuhi. Tukamwona ni mgeni, tena mkubwa wa serikali. Tukashuka chini wote wanne, tukamsalimu: Mwangaluka!"

"Akasemaje?"

"Hakuitikia. Alikuwa anaangalia simu yake. Sasa wewe mtoto wa Kisukuma, niambie, umepiga goti, mwenye kusalimiwa hajaitikia, unainukaje?"

Nikasema, "Huinuki."

"Basi! Tukabaki pale pale, magoti juu ya kokoto. Yeye kasimama, anatunyooshea kalamu. Wewe jina nani! Wewe jina nani! Nani kaona! Mbona mnatetemeka, mnamficha nani? Mtu ananiuliza habari za dunia nzima, na hata uzima wangu hajaujua. Nikasema sijui. Na wenzangu wakasema hawajui."

Mwanamke mwingine akadakia, "Mimi goti lilivimba mpaka Ijumaa!" Wakacheka sana, Shangazi, lakini hawakuwa wamesamehe. Mtendaji wa kijiji alituambia kwamba Afande aliandika wanawake wale walionyesha dalili za hofu na kula njama.

Kuna jambo jingine. Mama alikwenda mjini dukani kwa Bwana Sanket, anayeuza vipuri vya pampu na mashine, kuuliza kama amesikia lolote. Kumbe wale wezi walimpelekea ile pampu wamuuzie, akakataa. Afande Boaz alipofika pale alivua kofia, akakaa, akanywa chai ya tangawizi, akamuulizia baba yake, Mzee Champaklal, hali ya miguu. Bwana Sanket akamweleza kila kitu bila kuombwa mara mbili, hata rangi ya pikipiki. Kwa hiyo Afande anajua kuongea na watu vizuri. Sijui kwa nini uzuri huo aliuacha mjini.

Kaka amekonda. Mama alipomwona mahabusu alimuuliza kama anakula. Akajibu, "Mama, usije tena mpaka mvua ziishe, mto ni hatari." Hakusema kama anakula.

Sikuombi tena simu. Nakuomba tu uniambie kitu ambacho sijui.

Nyamizi

*

Geita,
28 Aprili 2024

Nyamizi mwanangu,

Marahaba. Marahaba kwa shikamoo ya Februari, ambayo niliiacha bila jibu, na kwa hii ya Aprili. Kikohozi kimepona? Umepata blanketi? Nakutumia shuka zito kwa kondakta huyo huyo. Mwambie Bibi nimefurahi kuhusu jicho, na kwamba vyombo vyangu pia vingemkasirisha.

Mwanaima ana akili. Mwambie nimesema hivyo.

Nikueleze kilichonipata wiki iliyofuata barua yako, kwa sababu ukikaa nacho mwenyewe hakichekeshi. Huku kata yangu ina machimbo na watu wa kila namna: Wasukuma kama sisi, Wazinza, Wasumbwa, na vijana waliotoka mbali. Wananchi hawaniletei taarifa. Ofisi yangu ina kiti cha mgeni ambacho bado kina nailoni. Basi, akaokotwa mtoto wa kike, wa miaka mitatu hivi, amepotea sokoni. Nikampandisha garini, nikawasha kipaza sauti, nikaenda nacho machimboni: "Tahadhari! Tahadhari! Hili ni Jeshi la Polisi! Mwenye mtoto ajitokeze mara moja!"

Machimbo yalibaki matupu, Nyamizi. Watu waliacha masepetu, sufuria zikiwa jikoni. Huku kipaza sauti kikisikika maana yake ni kwamba mnafukuzwa kwenye mashimo, na hakuna anayesubiri kusikia neno la pili. Baba wa yule mtoto alikuwa miongoni mwa waliokimbia. Aliruka uzio.

Nikakaa ndani ya gari na mtoto analia, na barua yako iko mfukoni. Nikazima kile chombo. Nikambeba mtoto mgongoni kwa kanga ya dereva (usiniulize dereva anafanya nini na kanga), nikapita kwa miguu, nikisalimia mmoja mmoja. Mama mmoja wa Kizinza alicheka Kizinza changu, akanisahihisha, kisha akasema, "Huyu si wa fundi Mwigulu?" Jioni haijafika mtoto alikuwa kwao. Na kesho yake mama yule alikuja ofisini. Alikaa kwenye kiti, nailoni ikalia chwa! Alikuwa na taarifa yake nyingine, ambayo siwezi kukuandikia.

Sasa jambo ambalo hujui. Mashahidi hawalazimiki kufuata meza ya polisi. Raia yeyote anaweza kumwomba mkuu wa kituo kwamba maelezo yachukuliwe pale mashahidi walipo, kwa lugha wanayoielewa, na kama ni wanawake, kuwepo askari wa kike. Mama yako aende na Mtendaji. Waombe hayo tu, kwa utulivu. Jina langu lisitajwe kabisa, maana likitajwa itaonekana ni undugu, na maelezo yatapoteza thamani.

Tena, usimfundishe Afande Boaz mbele ya watu. Mtu mwenye sare akisahihishwa hadharani anaziba masikio. Hilo nalijua kwa undani.

Mama yako hakusahau kunisalimia. Tangu msiba wa kaka yangu, nilipokuja na sare nikawapanga waombolezaji kwenye mstari wa chakula, ana haki ya kunyamaza. Yaliyobaki ni kati yangu na yeye.

Shangazi yako anayekuwaza,
Vumilia

*

Nyumbani,
23 Juni 2024

Kwa Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Shuka ni zuri mno, Mwanaima analionea wivu. Nimeshika nafasi ya nne darasani; hisabati ndiyo iliyonishusha. Tumevuna mahindi, si mengi, ila hayakuoza. Mama amesema nikusalimie. Alisema akiwa anapepeta, bila kuniangalia, kisha akaongeza, "Mwambie kwa sauti ya kawaida." Sikuelewa, lakini naandika kama nilivyotumwa.

Mama na Mtendaji walikwenda kwa mkuu wa kituo mwezi wa tano. Walisubiri nje sana. Mkuu alisikiliza, akasema ataangalia. Hatukusikia kitu. Mama alianza kusema labda tuuze Subira tutafute wakili, na Bibi akasema wakili hawezi kusema kilichoonwa na Mama Mageni.

Alhamisi iliyopita nilipeleka uji machimboni. Nikaona watu wawili wanakuja kwa miguu kutoka barabarani, gari wameliacha kule kwenye mkwaju. Alikuwa Afande Boaz, pamoja na askari wa kike anayeitwa Koplo Juliana, ambaye ni Msukuma wa Mwadui. Kijana mmoja alipiga mluzi wa kuwaonya wenzake. Wachache walikimbia, lakini wengi walibaki wanashangaa, kwa sababu polisi asiye na gari hawakujua kama anahesabiwa.

Wale wanawake walipowaona wakashuka, wote wanne. "Mwangaluka!"

Koplo Juliana akaitikia vizuri. Afande Boaz akafungua daftari. Wanawake hawakuinuka. Akasema, "Kina mama, inukeni basi, tuanze kazi."

Mama Mageni akasema kwa Kiswahili, polepole, ili asikose neno, "Baba, hatuwezi. Tumekusalimia tangu Februari. Hujaitikia."

Afande akamtazama Koplo, Koplo akatazama viatu vyake. Nilitamani kusema kitu, lakini nikakumbuka ulivyonikataza, nikashika ndoo ya uji kwa nguvu.

Afande akauliza, "Mama, yaani siku ile... mlikuwa mnanisubiri mimi?"

"Wewe, nani mwingine? Kokoto hizi hazina huruma."

Akafunga daftari. Akachuchumaa, suruali ya sare ikagusa vumbi, akasema, "Mwangaluka, mayu." Matamshi yalikuwa mabaya sana, Shangazi. Wale wanawake waliinuka huku wanashikana kwa kucheka. Mmoja akasema, "Anaongea kama mbuzi aliyebanwa na mlango!" Nikaogopa atakasirika, lakini akacheka naye.

Kisha akawaambia jambo ambalo nimelifikiria sana. Alisema, "Mimi nimekulia kota za polisi, Dar es Salaam. Baba alitufundisha kwamba ukimkuta mtu kazini usimpotezee muda kwa maneno mengi. Sema shida yako, uondoke. Hiyo ndiyo heshima. Kwa mwenye duka nilikaa kwa sababu alinikaribisha kiti. Ninyi niliona mna nyundo mikononi, nikadhani nawaonea huruma."

Mama Mageni akapangusa magoti. "Kumbe ulikuwa unatuheshimu?"

"Ndiyo, mama."

"Mh! Heshima ya kwenu inaumiza magoti."

Baada ya hapo walikaa chini ya turubai, na Koplo akauliza kwa Kisukuma. Mama Mageni alianza na habari za wajukuu, kisha za mvua, kisha bei ya viroba. Afande alitaka kumkatiza. Nilimwona anafungua mdomo, akaufunga. Ndipo mama akafika kwenye pikipiki. Alisema yote: wanaume wawili, mmoja mwenye kovu kidevuni, na Jilala akiwa na kiroba begani, akimwambia "Mama, mizigo yako ni mizito kuliko ya wanaume." Wote wanne walitia dole gumba.

Mimi sikusema neno hata moja. Niliwapa uji.

Mwanao,
Nyamizi

*

Geita,
7 Julai 2024

Nyamizi mwanangu,

Marahaba, na hongera kwa nafasi ya nne. Hisabati itakuja. Kwangu kuna mvua ya ajabu isiyo ya msimu, na kiti cha mgeni kimeshachanika nailoni yote.

Barua yako nimeisoma kwa sauti peke yangu, na kwenye mbuzi aliyebanwa na mlango dereva alikuja kuniuliza kama naumwa.

Usitangaze ushindi bado. Maelezo yamekwenda kwa mwendesha mashtaka, naye ana mengi ya kusoma. Jilala akitoka, msimuulize ya ndani. Mpeni chakula. Akitaka kusema atasema, asipotaka mwacheni.

Mwambie Mama yako nimepokea salamu zake. Mwezi wa nane nina likizo. Ningependa kuja, nikikaribishwa, nikiwa nimevaa gauni.

Vumilia

*

Nyumbani,
11 Agosti 2024

Kwa Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimeomba ruhusa shuleni ya siku za mwisho wa wiki, na utaelewa kwa nini.

Kaka Jilala ametoka! Mwendesha mashtaka aliiambia mahakama kwamba Jamhuri haina nia ya kuendelea na shauri dhidi yake, na hakimu akamwachia. Mama hakuelewa maneno hayo, akabaki amekaa, mpaka karani akamwambia, "Mama, mchukue mtoto." Wale wawili wa pikipiki walikamatwa Isaka, pampu ikiwa juu ya lori, tayari kwa safari ya magharibi. Mmoja ana kovu kidevuni.

Nilifuata ulivyosema, sikumuuliza Kaka ya ndani. Analala sana. Akisikia injini yoyote anasimama mlangoni, hata kama ni trekta. Jana nilimwambia anaweza kurudi mwaloni, mwenye mwalo amesema nafasi yake ipo. Akasema, "Mbona ugali umepoa?" Ulikuwa unatoa mvuke.

Leo baada ya kanisa Afande Boaz alikuja. Alisimama nje ya boma la ng'ombe, akapiga hodi, akangoja. Kaka alikuwa ameshafika mlango wa nyuma. Mama akamwambia kwa sauti ndogo, "Ukitaka kwenda nenda. Mimi namkaribisha." Kaka hakwenda. Alirudi akakaa, lakini kwenye ukingo wa kigoda.

Salamu zilichukua muda, maana Bibi naye alitaka zake. Kisha Afande akasema, "Jilala, nilikosea. Uliponikimbia niliona mwizi, sikuona mtu anayeogopa. Nimeshamwandikia mkuu wangu hivyo, na nimekuja kukwambia wewe mwenyewe."

Afande akavua kofia, akaendelea.

"Nina ombi pia. Uliwaona wale watu. Kesi yao inaanza wiki ijayo. Mama Mageni atakuja kutoa ushahidi, lakini wewe ulikuwa karibu zaidi. Nakuomba uje. Ukikataa sitakulazimisha, na sitarudi kukusumbua."

Mama alinishika mkono nisiongee. Ng'ombe walikuwa wanarudi, vumbi likaingia mpaka ndani, na Afande alikaa tu, hakuangalia simu wala saa.

Mwisho Kaka akauliza, "Nikisema nilichoona, nani atanirudisha nyumbani?"

"Miguu yako. Unatoa ushahidi, unatoka kwa mlango ule ule ulioingilia."

Kaka akasema, "Sawa. Nitakuja." Kisha akanyoosha kidole. "Ila gari lenu sipandi."

"Panda basi la abiria."

"Nauli?"

"Mahakama ina utaratibu wake. Lakini basi la asubuhi huwa linajaa, usije ukanilaumu mimi."

"Nitasimama," Kaka akasema, "bora dirisha liwe wazi."

Na hapo, Shangazi, wakacheka wote wawili, Kaka kwanza. Sasa hivi anaosha shati lake jeupe mwenyewe, amekataa nimsaidie, na anamuuliza Mama kama sabuni ya unga itatoa doa la kola.

Nyamizi